Seva ya chama: wanachama wa Mbarara na Gulu wataifikiaje?

Kutoka: Katibu, Kansanga

Ndugu zangu Watanzania mlioko Uganda, salaam. Daftari letu la kusaidiana misibani sasa liko kwenye seva ya ofisini: michango, majina ya warithi, nakala za pasipoti na vibali vya kazi. Mtu akifikwa na msiba, tusianze kuhangaikia makaratasi wakati mwili unatakiwa kuvuka mpaka wa Mutukula. Hapa ofisini programu inafunguka vizuri kwa anwani ya ndani ya seva, 192.168.88.10, lakini walioko Mbarara na Gulu hawaoni kitu. Ruta, kile kifaa kinachotuunganisha na intaneti, ni ya MikroTik. Fundi anasema apeleke poti zote, yaani milango yote ya mtandao, kwenye seva tumalizane, na anarudi Jumamosi. Mnasemaje?

Kutoka: Ntinda

Dada Katibu, habari za kazi. Tafadhali sana, fundi asifanye hivyo.

Kwanza hakikisheni mna anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti. Ingia kwenye ruta, tazama anwani iliyo upande wa laini ya intaneti, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zikilingana, endeleeni. Ile ya kwenye ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungu hilo la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, kwa kuwa anwani za IPv4, hizi za namba nne, zilikuwa zinakwisha. Hapo hata mkiandika kanuni mia, mgeni wa nje hafiki kwenye ruta yenu. Ombeni anwani ya umma ya kudumu. Mara nyingi huuzwa pamoja na laini za biashara.

Sasa ukuta wa moto, yaani kanuni za ruta za nini kipite na nini kizuiwe. Kuna kazi mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni NAT, yaani kubadilisha anwani: kinachokuja kwenye anwani ya umma kwa TCP 443, poti ya tovuti salama, kielekezwe 192.168.88.10. Ya pili ni ruhusa ya kupita, kwenye orodha ya forward, ile ya vinavyopitia ruta kwenda kifaa kingine. Hapa ndipo mafundi hukesha: pakiti, yaani kipande cha data, ikifika forward, anwani imeshabadilishwa. Ukiandika anwani ya umma kwenye kanuni ya ruhusa, haitalingana na pakiti hata moja. Andika ile ya ndani. Na iwe juu ya kanuni ya kuzuia, maana ruta husoma kutoka juu na kufuata ya kwanza inayolingana. Kila kanuni ina kaunta yake, inayohesabu pakiti zilizolingana nayo. Mtu wa Gulu akijaribu, kaunta ya NAT ikapanda na ya forward ikabaki sifuri, umeshajua tatizo liko wapi.

Ruta nyingi za MikroTik huja na kanuni inayozuia kila kitokacho nje isipokuwa kilichoelekezwa na NAT. Ni kinga nzuri, lakini ndiyo inayonitia hofu kwa ushauri wa fundi wenu: akielekeza poti zote, zote zitapita. Ya 22 ya kuingilia seva kwa mbali, ya 3306 ya hifadhidata, na ya 445 ya kushirikiana mafaili, ambayo programu hasidi ya WannaCry ilipitia mwaka 2017 kuvamia kompyuta za Windows dunia nzima. Wala msijifariji kwamba hakuna anayeijua ofisi ndogo ya Kansanga. Mwaka 2013 watafiti wa Michigan walitoa programu ya ZMap, ambayo kwa kompyuta moja tu hupitia anwani zote za IPv4, kwa poti moja, ndani ya dakika 45. Wavamizi hawatafuti Kansanga, wanapita kila mahali.

Kwa hiyo mwanachama anayetaka kuona michango yake apewe 443 peke yake. Wewe na mweka hazina muingie kwa WireGuard, njia ya siri iliyosimbwa (VPN), iliyomo ndani ya RouterOS 7, programu inayoendesha ruta za MikroTik. Na seva ipate mtandao wake, mbali na kompyuta za ofisi, ili ikivamiwa mvamizi aishie hapo.

Nakala za pasipoti ziondoeni kabisa kwenye seva hiyo. Sheria ya Uganda ya 2019 ya ulinzi wa data inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na hata isingekuwepo, wale ni ndugu zetu.

Kutoka: Katibu, Kansanga

Ahsante sana kaka. Gulu wameingia! Pasipoti nimezitoa. Mtandao wa seva bado hatujautenga, tunasubiri swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta na kugawa mitandao. Ila sisi wa ofisini tukiandika jina la tovuti haifunguki, ingawa kwa bando la simu inafunguka.

Kutoka: Ntinda

Hilo halina shida. Kompyuta yako inauliza anwani ya umma, lakini seva iko mtandao mmoja nayo, inaijibu moja kwa moja kwa anwani ya ndani. Kompyuta inaona jibu la mtu ambaye haikumuuliza, inalitupa. Kwenye DNS ya ruta, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, andika jina la tovuti lielekee 192.168.88.10. Swichi ikija na seva ikipata anwani mpya, rekebisha hapo na kwenye zile kanuni mbili.

Kutoka: Jinja

Wanangu, mnakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Msiba hausubiri intaneti. Orodha ya warithi na namba zao za simu ichapishwe, mweka hazina abaki na moja, nami nitunziwe nyingine huku Jinja.

Kutoka: Katibu, Kansanga

Sawa mzee, shikamoo. Naichapisha kesho, na yako nitaituma kwa mtu anayekuja Jinja wiki hii.