MREJESHO: Picha ya watoto 14 wa ngoma imetoka

Wakuu, habari zenu. Wiki mbili zilizopita niliomba msaada: watoto 14 wa kikundi cha ngoma, flashi mbili na miavuli miwili myeupe ya kulainisha mwanga, lakini mstari wa nyuma unatoka na giza na vivuli vinajichora kwenye kitambaa kilichotundikwa nyuma yao.

Aliyeniambia nirudishe taa nyuma, Mungu ambariki. Zilikuwa mita 1.5 kutoka mstari wa mbele, na wa nyuma wamesimama mita moja zaidi, kwa hiyo walikuwa wanapata kama theluthi moja tu ya mwanga wa wenzao. Nilizisogeza hadi mita 4, nikazipandisha juu ya vichwa na kuongeza nguvu. Sasa wa nyuma wanapata karibu theluthi mbili, na jicho halioni tofauti kubwa. Nilipiga kwa f/8 (uwazi wa lenzi) na 1/160 ya sekunde.

Kaniki niliyotundika mwanzo nimeiacha kabisa, ilikuwa inameza nywele zao. Nimeweka kitambaa cha kijivu, nikakivuta kwa vibanio vya nguo hadi mikunjo ikaisha, na watoto wakasimama mita 2 mbele yake. Vivuli vyote vikaangukia sakafuni.

Picha ninayoipenda ni ya mwisho, waliporuka. Njuga za yule mdogo kuliko wote zimeganda hewani, unaweza kuzihesabu moja moja.

Kimebaki kitu kimoja: mafuta usoni yanang'aa sana. Mama mmoja aliwafuta kwa pindo la khanga, ikasaidia kidogo. Nyie mnafanyaje?