Chama chetu tuuze hisa za kampuni za nguo, au tubaki tuwaulize?

Mweka hazina, Kondele
Wadau, hamjambo. Akiba ya chama chetu cha mafundi cherehani wa Kibuye imo kwenye mfuko unaonunua hisa nje. Ripoti ya mwaka imeonyesha kampuni tatu za nguo zinazoshonewa Bangladesh. Wenzangu wanahofia usalama wa washonaji wa huko, wanataka tutoe pesa zetu. Mimi naona tukitoka, kiti chetu atakalia asiyejali. Tukibaki, kuna wa kutusikiliza?

Fundi wa Nakuru
Dada, msitoke kabla ya kuuliza. Nilishona kiwandani Athi River. Mlango wa nyuma ulipigwa kufuli mpaka jioni, eti tusiibe vitambaa. Wakaguzi wakija, kufuli linatolewa na ndoo za mchanga zinapakwa rangi. Ndiyo maana nikionyeshwa cheti situlii. Ali Enterprises, kiwanda cha nguo cha Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, cha mazingira bora ya kazi, wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 2012, watu zaidi ya 250 wakafa.

Ulizeni kama kampuni imetia sahihi Accord, mkataba wa usalama wa viwanda kati ya kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi, wa Mei 2013 baada ya Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo Bangladesh, kuporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ilifunga, washonaji wakaamriwa warudi kazini! Accord inabana kisheria, na ripoti za ukaguzi huwekwa wazi kila mtu asome.

Karani wa Sacco, Kakamega
Mama, kura kwenye mkutano wa wanahisa ni ya meneja wa mfuko, si yenu. Barua iende kwake, mtake kujua alipigaje. Mwaka 2013 wawekezaji zaidi ya 100, wakiongozwa na ICCR, muungano wa wawekezaji wa kidini wa Marekani, walizisukuma kampuni zijiunge na Accord. Nyingi zilikubali. Walmart na Gap zilikataa, zikaanzisha mpango wao.

Mweka hazina, Kondele
Asanteni sana. Barua naiandika leo. Na ukarabati wa viwanda hulipiwa na nani? Mwenye kiwanda akibanwa bei, ngazi ya dharura ataijenga kwa pesa gani?

Fundi wa Nakuru
Hilo liweke juu kabisa. Accord inamtaka mnunuzi ahakikishe kiwanda kina uwezo wa kugharamia marekebisho. Vyama vya wafanyakazi viliwafungulia kesi The Hague, Uholanzi, wanunuzi ambao vilidai hawakufanya hivyo, na mwaka 2018 kampuni moja ikakubali kutoa dola milioni 2.3. Meneja akikujibu kwa picha za wafanyakazi wanaotabasamu, mwandikie tena.