Tupeane uzoefu: kamera gani inafaa kupigia picha wanasesere? (Kigoma, Tabora na jirani)

Mama Mabaki, Ujiji

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi nashona nguo za wanasesere. Vitambaa naokota kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Mwanga na hapa Ujiji, vile vipande vya vitenge ambavyo havitoshi hata kiraka. Nilianza kwa kumshonea mjukuu. Mjukuu akakua akaacha, mimi sikuacha. Sasa ninao kumi na wawili: wanne wa nguo niliowajaza pamba mwenyewe, wanane wa plastiki wa kimo cha Barbie, sentimita 29 hivi. Kila vazi likikamilika nalipiga picha, na picha hizo nazipenda kama mavazi yenyewe.

Shida ni kamera. Miaka miwili nimetumia simu. Nikiisogeza karibu ili mwanasesere ajae kwenye picha, kichwa kinavimba, miguu inakuwa njiti. Nikirudi nyuma kisha nikakata picha, mshono wa pindo hauonekani tena, na pindo ndilo nililokesha nalo. Mwezi uliopita nikaazima kamera kubwa ya mpwa wangu. Nikapiga picha sitini, zote kutoka juu, maana goti langu la kushoto halikubali kwenda chini na ile kamera inakutaka uweke jicho kwenye kitundu. Mwanasesere ukimpiga kutoka juu anaonekana kitu kilichodondoka sakafuni. Hana hadhi.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Orodha za kamera bora nimezisoma, zinaongelea harusi na wanyama wa porini. Niambieni ulinunua nini, ukapiga nini, wapi ulikwama, na leo unatumia nini.

Kijana wa Isevya, Tabora

Shikamoo mama. Mwangaluka wote.

Mimi natengeneza samani ndogo kwa vipande vya mninga ninavyopata kwenye karakana za huku. Viti, vitanda vya kamba, kabati. Natumia kipimo cha moja kwa sita: kiti ambacho kwa mtu kina kimo cha sentimita 45 hadi pa kukalia, kwangu ni sentimita 7 na nusu. Wanasesere ni wa dada yangu, nawaazima wakae.

Niliponunua kamera kila mtu aliniambia jambo moja: tafuta lenzi ya 50mm yenye f/1.8 (hiyo f ni upana wa tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa). Nikaitafuta kwa shida, nikaipata ya mtumba, imekuja na basi. Siku ya kwanza nikamkalisha mwanasesere kwenye kiti, nikasimamisha kamera nusu mita, nikafungua tundu la lenzi lote. Jicho moja kali kabisa, jicho la pili ukungu. Kiti nilichokisugua msasa siku tatu kimeyeyuka. Nikadhani lenzi mbovu.

Lenzi ilikuwa nzima. Kwa kamera za sensa (kile kibao cha ndani kinachopokea picha) ya kati kama yangu, lenzi hiyo kwa f/1.8 ukiwa nusu mita, sehemu inayotoka kali ina unene wa kama milimita 6 tu. Kwa mtu aliyesimama mita mbili hilo halikusumbui, uso wote unaingia. Kwa uso wa mwanasesere, pua na sikio havikai pamoja ndani ya milimita 6. Nikapeleka tundu hadi f/8, unene ukafika karibu sentimita 3, kichwa chote kikaingia, na mkono wa kiti ukaanza kuonekana ni mninga.

Tena kuna jambo lililonichukua mwaka mzima kulielewa. Nyuma pakiwa ukungu mzito, jicho la mtazamaji linajua kwamba kilichopigwa ni kidogo na kamera ilikuwa karibu. Ukitaka mwanasesere aonekane mtu ndani ya nyumba yake, mlango na ukuta lazima visomeke. Lenzi wanayoisifia kwa picha za watu ndiyo inayomfanya mwanasesere abaki mdoli.

Siku hizi natumia ile ya kawaida inayokuja na kamera, 18-55, kwenye f/8 au f/11, juu ya stendi, na kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wangu usitikise. Hiyo 50mm ipo kwenye soksi.

Dada wa Gungu, Kigoma

Mama, tatizo lako ni goti, na goti lina kamera yake.

Mimi nina Canon 600D. Ni ya mwaka 2011, megapikseli 18, wengi wanaiona ya kizamani. Niliichagua kwa sababu moja tu: skrini yake inafunguka pembeni kama dirisha na kugeuka juu na chini. Kamera unailaza chini kabisa, skrini unaigeuza ikutazame wewe uliyekaa kwenye kigoda. Macho ya mwanasesere na lenzi vinakuwa usawa mmoja, na wewe huinami.

Kabla ya hapo nilikuwa na 1100D. Skrini yake imegandishwa. Nilikwenda Kibirizi alfajiri, dagaa wameanikwa mchangani, mitumbwi imeingia, mwanga mzuri mno. Nikambeba mwanasesere wangu aliyevaa kitenge na kikapu kidogo cha ukindu. Ili nimpate pamoja na mitumbwi nyuma ilinibidi nilale kifudifudi, shavu mchangani, watoto kumi wamenizunguka, na bado nilikuwa nabahatisha kwa kuwa skrini sikuiona. Nikarudi nyumbani na mchanga ndani ya kamera. Wiki hiyohiyo nikaanza kuiuza.

Ukiulizia dukani, majina ya kukumbuka ni haya. Kwa Canon, 600D na 700D zinageuza skrini. 1100D na 1300D hazigeuzi. Kwa Nikon, D5100 na D5300 zinageuza. D3100 na D3200 hazigeuzi. Ukiwa na uwezo zaidi, Canon M50 inageuza pia na ni nyepesi, ila betri yake imekadiriwa picha 235 kwa chaji moja, na umeme wetu mnaujua. Nunua betri mbili.

Jambo la pili, uliza lenzi inakubali kusogea karibu kiasi gani. Ile 18-55 ya STM (aina ya mota ya lenzi za Canon) inafokasi hadi sentimita 25. Ile 50mm ya STM inaishia 35, na ya zamani zaidi yake inaishia 45. Anayepiga harusi haulizi kitu hiki. Sisi kwetu ni swali la kwanza.

Abiria wa Reli, Kigoma

Naheshimu kamera zenu, lakini simu nayo itetewe.

Nina mwanasesere mmoja tu, namtembeza naye. Nimempiga stesheni yetu ya Kigoma, lile jengo la Wajerumani, amesimama ukingoni mwa jukwaa na jengo lote nyuma yake linasomeka. Sensa ya simu ni ndogo, kwa hiyo vya mbele na vya nyuma vinatoka vikali pamoja bila kuhangaika na f ngapi. Kile alichokisema Kijana wa Isevya kuhusu ukuta kusomeka, simu inakupa bure. Tena inapita kwenye upenyo ambao kamera haiingii, na ukiigeuza kichwa chini lenzi inakuwa inagusa ardhi.

Mama Mabaki, kichwa kuvimba kunatokana na ukaribu. Usitumie lenzi pana ukiwa umemkaribia. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta mara mbili, itumie hiyo na urudi nyuma. Na ile hali ya picha ya mtu inayotia ukungu nyuma, izime. Nywele za plastiki inazikata kama panga, na kofia ya ukili ilipotea nusu.

Kijana wa Isevya, Tabora

Hapo kwenye jengo nakubaliana nawe kabisa. Ila kwenye pindo la mama simu itamwangusha, hasa jioni ndani ya nyumba.

Baba Asali, Tabora

Nitasema kuhusu mtumba tu, maana wengi wetu ndiko tunakonunulia.

Lenzi yangu ya kwanza niliiagiza kwa picha. Ilipofika niliiona safi. Miezi miwili baadaye nikaona picha zote zina wepesi fulani, kama zimepigwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Kijana mmoja fundi akaniambia niizime taa, niwashe tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na kuchungulia upande wa pili. Nikaona nyuzi kama za utando wa buibui. Fangasi, na ilikuwa ndani, haifutiki kwa kitambaa. Nyie mnaokaa kando ya ziwa, unyevu ndio kwao. Hifadhini lenzi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chengachenga vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

La pili: Nikon ndogo, D3100, D3200 na hata hizo D5100 na D5300, hazina mota ya kufokasi ndani. Lenzi ndiyo iwe na mota, na jina lake liwe na AF-S. Mimi nilinunua 50mm ya herufi D kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwenye kamera yangu ikawa ya kuzungusha kwa mkono. Haikuwa hasara yote, maana mwanasesere hakimbii. Unakuza picha kwenye skrini, unazungusha taratibu mpaka kope zitoke. Lakini mtu ajue kabla hajatoa pesa.

Huku kwetu kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali. Usibadilishe lenzi nje.

Mwalimu wa Sikonge

Nimesoma yote, naona hakuna aliyegusa rangi.

Mwanasesere wangu ni mweusi, ngozi ya plastiki yenye kung'aa. Flashi ya kwenye kamera ilimpa doa jeupe kwenye paji la uso, kila picha. Nikaacha flashi kabisa. Namweka mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na kama jua linaingia natundika chandarua dirishani. Kiwe cheupe. Mwanzo nilitumia cha bluu, kitenge cha njano kikatoka kijani na nilihangaika wiki nzima nikidhani kamera imeharibika. Upande wa pili wa meza nasimamisha kipande cha boksi nilichokibandika karatasi nyeupe, kinarudisha mwanga kwenye shavu lenye kivuli.

Halafu kuna kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, +/-. Kamera hupenda kila kitu kiwe na wastani wa kijivu. Ukimpiga mwanasesere mweusi mbele ya ukuta mweusi, itaongeza mwanga mpaka ngozi ipauke, kwa hiyo unapeleka kwenye kutoa. Ukimvika nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe, itapunguza mwanga na uso utapotea, unapeleka kwenye kujumlisha. Kamera isiyo na kitufe hiki mahali rahisi kufikiwa mimi siinunui, hata iwe na megapikseli mia.

Mama Mabaki, Ujiji (wiki tano baadaye)

Nimerudi wapendwa, na nina kamera.

Nimechukua 600D ya mtumba na 18-55 yake, sikuchukua 50mm. Tochi niliimulika mbele ya muuzaji na akanisubiri kwa adabu. Lenzi ya kwanza aliyoniletea ilikuwa na nyuzi, nikaikataa. Baba Asali, Mungu akubariki.

Nilikuwa na kazi maalumu niliyoiwekea akiba ya moyo. Nimeshona wapagazi wanne wa zamani zile misafara ilipokuwa inafika hapa Ujiji kutoka pwani kupitia Tabora: wawili wamevaa kaniki, ile nguo nyeusi, wawili merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa. Merikani nimeipata kwa kuchemsha kitambaa cha ndani ya godoro mpaka kikaacha weupe wake wa dukani. Jumamosi nikawapeleka pale penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, chini ya miembe. Watu wengi hulisimulia lile la 1871 kwa hao wawili tu. Mimi nilitaka wale waliobeba mizigo wasimame mahali hapo na wapigwe picha usawa wa macho yao.

Huku kwetu jua linazama zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni bado kuna mwanga, na umelala. Nilikaa kwenye kigoda. Kamera iko juu ya mfuko wa mchele kilo mbili, skrini imegeuka inanitazama. f/8, kipima muda sekunde 2. Shina la mwembe nyuma limetoka na magamba yake.

Kaniki na merikani katika picha moja zilinisumbua kweli. Nikifuata uso, merikani inaungua ikawa karatasi. Nikifuata merikani, uso unazama. Nikapeleka kwenye kutoa kidogo, mjukuu akashika boksi jeupe la Mwalimu upande wa kivuli. Picha ya kumi na saba ndiyo iliyokubali. Pindo linaonekana. Mishono yote ya pindo la mpagazi wa pili naweza kuihesabu, na mmoja umepinda, nitaufumua.

Kilichobaki ni upepo wa ziwa. Mpagazi wa nne aliangushwa mara nane, waya niliomtia mguuni hauingii kwenye ardhi ngumu ya pale. Kijana wa Isevya, unaweza kunichongea vibao vinne vya mninga vyenye tundu katikati, vyembamba kiasi cha kufukiwa na vumbi visionekane? Niambie bei na nitume kwa nani. Nataka wawe wamesimama wenyewe kabla mvua hazijaanza.