Bridie ameanza kuchechemea kama alivyoanza Finn. Nitajuaje siku imefika?

AskariWaGeti (Jinja)

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwanajeshi mstaafu, siku hizi nalinda geti la nyumba moja hapa Jinja, karibu na mto. Nina mbwa jike, Bridie, miaka 10. Ni grehaundi, mbwa wa mbio kutoka Ayalandi. Familia niliyokuwa nikiilindia ilikuja nao wawili, yeye na dume aliyeitwa Finn. Walipohamishwa kazi miaka 4 iliyopita, mipango ya kuwasafirisha ikashindikana. Mama mwenye nyumba alisimama getini akilia. Nikamwambia, mama, niachie mimi. Akaniachia blanketi zao, mikanda ya shingo mipana kama kiganja, na picha ya Bridie akiwa uwanjani amevaa koti jeupe lenye namba 3. Mpangaji mpya hana neno.

Asiyewajua hudhani nawanyima chakula. Mbavu zinahesabika, kiuno cha nyigu. Jirani mmoja aliwahi kuniletea sufuria ya posho (ugali) na mukene, dagaa wa huku, akisema, Afande, hawa watakufia. Ndivyo walivyoumbwa. Kule kwao wanatoka mbwa sita kwa mara moja wakimfukuza sungura wa mashine, na mbio zenyewe mara nyingi hazifiki nusu dakika. Baada ya hapo ni kulala mchana kutwa, na hata hapa kwangu walilala hivyo, mgongo kwa mgongo.

Finn alikufa Machi mwaka jana na sijamsimulia mtu habari yake yote mpaka leo. Alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia. Nikasema ameteguka, nikamkanda kwa maji ya moto. Wiki ya pili nikampeleka kliniki moja, wakapima damu, wakasema chembe za kugandisha damu zimeshuka, hii ni homa ya kupe. Akaandikiwa doksisaiklini ya wiki tatu. Nilimpa kila siku kwa saa yake, ndani ya kipande cha ini, nikiamini tunamtibu. Asubuhi moja, saa 1, akashuka ngazi mbili za baraza, zile zile alizozoea, na mguu ukavunjika juu karibu na bega. Niliusikia. Mtu wa sindano ya kumpumzisha alifika saa 10 jioni. Muda wote huo nimekaa naye chini ya mwembe, kichwa chake kwenye paja langu, na baada ya ukelele ule wa kwanza hakutoa sauti tena. Alitetemeka tu. Vitani nimeona mengi, lakini ni saa zile tisa zinazonirudia usiku.

Sasa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita Bridie anachechemea, mbele kushoto. Anakula, mkia anatikisa. Naomba mnisaidie. Nitajuaje siku imefika, nisimcheleweshe kama mwenzake, wala nisimnyang'anye siku ambazo bado ni zake?

DaktariWaMifugo_Kla

Pole sana Afande. Natibu wanyama hapa Kampala, na grehaundi niliowahi kuwashika si wengi, lakini niliyojifunza kwao sijayasahau.

Nianze na damu, maana hapo ndipo Finn alipopotezewa wiki. Grehaundi hana damu ya mbwa wetu. Chembe nyekundu kwa mbwa wa kawaida hazipiti sana asilimia 55 ya damu. Grehaundi mzima kabisa anaweza kufika 65. Zile za kugandisha, ambazo kwa mbwa mwingine zikishuka chini ya laki moja na nusu tunashtuka, kwake laki moja au hata pungufu ni hali yake ya kila siku. Hapa kwetu kupe wapo kila kichaka, kwa hiyo daktari akiona namba ile mkono wenyewe unaandika homa ya kupe. Homa hiyo wanaipata kweli, sikatai. Ila apimwe mdudu mwenyewe, namba peke yake isimhukumu.

Sasa mguu. Saratani ya mifupa inawapata mbwa hawa kuliko karibu aina nyingine yoyote. Shuleni tulikariri: mbali na kiwiko, karibu na goti. Maana yake mguu wa mbele itazame juu begani, au chini, pale juu kidogo ya kifundo. Jeraha la zamani la uwanjani tungelitazamia zaidi kwenye kifundo cha nyuma kulia, kwa kuwa wanakimbia wakikata kona za kushoto siku zote. Wa kwako ni mbele kushoto, kwa hiyo usingoje. Mkague nyayo kwanza, maana huota sugu ngumu kama punje ya mahindi inayowachoma kila wakikanyaga, nami naomba iwe hiyo. Kisha papasa mguu mzima taratibu. Ukikuta uvimbe mgumu wenye joto, mlete apigwe eksirei ya mguu na ya kifua pia.

Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa. Na popote atakapolazwa kwa nusukaputi, waambie kabla: hana mafuta mwilini, dawa ya usingizi iitwayo thiopento haimfai, atachelewa mno kuamka.

MamaWaArua

Mzee wangu, pole. Mimi si daktari. Nina mbwa wa kuokota hapa Arua, nimezika wanne.

Watu wengi wanasubiri mbwa akatae chakula. Wangu wa mwisho alikula nyama asubuhi na mchana tukamzika, kwa hiyo mimi bakuli silitazami tena. Nakuuliza hivi: Bridie ana jambo gani analolifanya kila siku bila kuitwa na mtu? Si la chakula. La mapenzi yake tu. Hilo ndilo ulitazame.

AskariWaGeti (Jinja)

Mama wa Arua, swali lako limenipeleka kwenye kitabu.

Kila zamu naandika kitabu cha matukio: gari lililoingia, taa iliyozimika, fundi aliyetoka. Na mbwa nawaandika, ni mazoea ya jeshi. Jioni saa 12, nikipokezana zamu na mwenzangu, Bridie huamka mwenyewe, anakuja getini na kutuegemea miguuni kwa uzito wake wote. Mwenzangu kwanza, halafu mimi. Haitwi.

Nimerudisha kurasa nyuma. Tarehe 3 alikuja, akalala chini badala ya kusimama. Tarehe 6 hakuja, nikaandika "mvua". Tarehe 9 hakuja, na mvua haikuwepo. Nikatafuta kurasa za Finn. Katika wiki tano kabla ya asubuhi ile nimeandika mara nane, "Finn hakuja getini". Ni mwandiko wangu huu. Niliandika na sikusoma.

Nyayo ni safi, daktari. Juu ya kifundo kuna uvimbe, kama nusu ya limau. Jumatatu namleta.

Jambo jingine. Mwenzangu wa zamu ni Mwislamu, naye anampenda Bridie. Ananiuliza kama ni kosa kumshika wakati huu.

DaktariWaMifugo_Kla

Njoo. Mbebe mwenyewe kumpandisha na kumshusha, asiruke. Na zile ngazi za baraza zifunike kwa ubao leo hii.

KijanaWaBombo

Afande, mwambie mwenzako amshike. Mate yakimgusa, aoshe kabla ya kuswali kama alivyofundishwa, basi. Tangu madrasa tunasimuliwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe.

Mkifika kwenye kuzika, chimbeni kina cha kiuno na mweke mawe juu. Nasikia dawa ile ya mwisho inabaki mwilini.

DaktariWaMifugo_Kla

Ni kweli, inabaki. Mbwa wa mtaani au kaloli, yule korongo mla mizoga, akimfukua na kumla, naye atakufa.

AskariWaGeti (Jinja)

Ndugu zangu, nilikaa kimya, niwieni radhi.

Makondakta wa teksi walinikatalia, nikakodi gari. Bridie alilala kiti cha nyuma, kichwa kwangu, msitu wote wa Mabira mpaka Lugazi. Tulipofika Namawojjolo wale vijana wa kuku wa kuchoma wakasogeza mishikaki dirishani, akainua kichwa na masikio yakasimama. Nikanunua paja, nikalichambua mifupa, akala lote.

Eksirei ilionyesha mfupa umeliwa juu ya kifundo, na kifuani kulikuwa na madoa matatu. Daktari alinieleza bila kunificha. Hata kabla ya madoa kuonekana, kwa mbwa tisa katika kumi mbegu za saratani zinakuwa zimeshafika mapafuni. Mguu ukikatwa bila dawa za saratani, wengi hawaendi mbali zaidi ya miezi minne au mitano, na hiyo ni kwa mwenye kifua safi. Nikasema hatumkati. Nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa mfupa unaweza kuvunjika siku yoyote.

Dawa zilimrudisha. Jioni nne mfululizo alikuja getini kupitia ubao, akatuegemea. Ya tano alifika nusu ya njia, akasimama akitutazama, akarudi. Ya sita hakuinuka. Nilisoma kitabu usiku ule ule, kurasa zote mbili, yake na ya Finn. Saa 3 usiku nikapiga simu.

Daktari wa hapa Jinja alikuja saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chini ya mwembe, kwenye blanketi lake. Sindano ya kwanza ilimlaza, ya pili sikuona hata ilipoingia. Mwenzangu alikuwa ameshaingia zamu lakini hakubaki getini. Alikaa upande wa pili, mkono wake juu ya mbavu za Bridie, na ni yeye aliyesema, Afande, amekwisha pumzika. Tumemzika ubavuni mwa Finn, kina cha kiuno, na mawe tumeyatoa mtoni.

Niliwapigia wale wa Ayalandi walioniachia mbwa. Mama aliniuliza kama aliumia. Safari hii nilikuwa na jibu la kumpa.

Usiku bado nasikia kama kucha zake kwenye saruji ya baraza. Sijui hilo huchukua muda gani kuondoka, na sina haraka liondoke.

Zimebaki blanketi mbili nzima, mkanda mmoja mpana, na dawa za maumivu ambazo hazijafunguliwa. Dawa nazirudisha kwa daktari. Blanketi na mkanda, kama kuna mtu hapa Jinja au Njeru ana mbwa mgonjwa anayelala sakafuni, aniandikie. Nipo getini kuanzia saa 12 jioni.