CSS kwenye barua pepe za HTML: faili la nje, `<style>`, mtindo ndani ya tagi, au MJML?

chui_wa_meru
Wadau, habari za jioni. Nina kazi ya kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Mgeni akilipia safari, mfumo (wa Laravel, zana ya kutengenezea tovuti kwa PHP) unamtumia barua pepe yenye ratiba ya siku kwa siku, picha, na kitufe cha kuthibitisha. Niliitengeneza kama ninavyotengeneza tovuti: CSS (amri za rangi na mpangilio) iko kwenye faili la nje kwenye seva, naiita kwa `<link>`. Kwenye brauza ilipendeza mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Kwa mgeni imefika maandishi meusi matupu, picha zimepangana kama matofali, na kitufe kimegeuka neno la bluu lenye mstari chini. Ni mama mmoja wa Ujerumani, kaandika kwa upole sana kuuliza kama barua ile ni ya matapeli.

Nimepekua nikaona njia nne: nibaki na faili la nje, nihamishie CSS kwenye `<style>` juu ya barua, niandike `style=""` ndani ya kila tagi, au nijifunze MJML (lugha ya kuandikia barua pepe). Mliokwisha pita huko, ipi haitaniaibisha tena?

mzee_wa_jedwali
Pole mkuu. Ya kwanza ifute leo leo. Gmail haisomi faili la nje kabisa, na wengi wa wageni wako wako huko. Apple Mail inalisoma, ndiyo maana mtu mwenye iPhone anajipima mwenyewe, anaona mambo shwari, analala.

Mimi ni mtu wa njia ya tatu. Mtindo ukiwa ndani ya tagi, karibu kila programu inausoma. Nimeanza kazi hizi zamani kidogo, wakati Gmail ilikuwa inafuta `<style>` yote. Walianza kuikubali, pamoja na `@media` (amri za kubadili mpangilio kulingana na upana wa kioo), mwaka 2016. Tabia za zamani hazifi.

DadaTovuti
Mzee shikamoo, ila 2016 ni mbali 😄 Sasa hivi `<style>` inafanya kazi Gmail, na ndiyo njia rahisi ya kufanya barua ijipange upya kwenye simu, maana `@media` huwezi kuiandika ndani ya tagi.

Ila chui, ina miiba yake. Kuna kikomo cha idadi ya herufi. Ukikipita, Gmail inaliondoa bloku zima la `<style>`, haikati kipande cha mwisho tu. Hivyo hivyo ikikuta kitu isichokipenda, kwa mfano `@media` iliyowekwa ndani ya `@` nyingine. Kosa moja, barua nzima inabaki uchi. Mimi hugawa mara mbili: bloku la kwanza lina mambo ya lazima, la pili nalitupia majaribio. La pili likifutwa, la kwanza linasalia.

Mwiba mwingine: mtu anayesoma akaunti ya ofisi, isiyo ya Gmail, ndani ya app ya Gmail hapati `<style>` hata chembe.

mzee_wa_jedwali
Marahaba binti yangu. Sasa umenisaidia mwenyewe. Ongeza na hili: mgeni akishapokea ratiba anaituma kwa mume, kwa dada, kwa mtu wa bima. Ikishasafirishwa hivyo kutoka Gmail, ya kwenye `<style>` hupotea na ya kwenye tagi hubaki. Kwa barua ya ratiba hilo si jambo dogo.

mende_wa_seva
Mnagombana bure. Hakuna mtu anayeandika `style=""` kwa mkono mara mia mbili, labda ana adhabu. Andika CSS yako kawaida kwenye `<style>`, halafu programu iihamishie ndani ya tagi kabla barua haijaondoka. Kwa PHP kuna Emogrifier, kwa Node.js kuna Juice, Python wana premailer. Za `@media` zinaachwa pale juu, kwa hiyo mnapata vyote viwili. Kumbuka tu kuwa mtindo wa ndani ya tagi una nguvu kuliko wa juu, kwa hiyo kila kitu kwenye `@media` kiwekee `!important`, la sivyo simu haitabadilika na utakesha ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Na chui, kama ni Laravel, barua za Markdown (zinazoandikwa kwa alama rahisi badala ya HTML) zinafanya kazi hiyo zenyewe. Chapa `php artisan vendor:publish --tag=laravel-mail`, kisha hariri `themes/default.css`. Umetumia Blade (violezo vya Laravel) ya kawaida, sivyo? Hiyo haihamishiwi kitu.

chui_wa_meru
Blade ya kawaida, ndiyo. Miaka mitatu na Laravel, leo ndiyo najua 🙈 Na MJML?

Kibuyu_Msa
Huku Mombasa twaitumia kazini, nami naipenda. Ni ya watu wa Mailjet, ni ya bure. Waandika `<mj-section>` na `<mj-column>`, yenyewe yatoa HTML ya majedwali pamoja na yale maandishi ya siri ya Outlook. Kama una barua kumi za sura tofauti, chukua MJML. Kama ni moja tu, wajibebesha mzigo.

Tena HTML inayotoka ni nzito. Gmail hukata barua ikivuka KB 102, mteja aona nusu na kiungo cha kufungua iliyobaki. Ratiba ya siku kumi na mbili yaweza kufika huko. Picha hazihesabiwi, ni HTML yenyewe.

mzee_wa_jedwali
Outlook imetajwa, sasa nisikilizwe. Ile ya Windows, kuanzia toleo la 2007 hadi hii inayoitwa ya kikale, inachora barua kwa injini ya Word. Word! Programu ya kuandikia barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo hata ukihamisha mitindo kwa ustadi gani, kuna mambo haitayafanya.

`max-width` haiijui. Picha yako ya punda milia ya pikseli 1200 ukiipa `max-width:100%`, simu itaipunguza, Outlook hiyo itaimwaga nzima mpaka nje ya kioo. Dawa ni `width="600"` kama sifa ya tagi yenyewe, halafu CSS ifuate. Kitufe: `padding` kwenye `<a>` inapuuzwa, ndiyo maana watu huona rangi imebana maneno kama nguo ya mtoto. Weka `padding` na `bgcolor` kwenye `<td>`. Kona za mviringo hazitokei, nazo ziache. Mgeni hajui zilikuwepo. Safu mbili zipange kwa jedwali, flex (mpangilio wa kisasa wa CSS) hapo haina maana.

Kuna Outlook mpya ya Windows isiyotumia Word, lakini maofisi hayahami kwa siku moja.

DadaTovuti
Kwa jedwali nakuunga mkono mzee. Yaweke `role="presentation"`, ili asiyeona asisomewe "safu ya kwanza, nguzo ya pili" wakati anatafuta saa ya ndege. Na kabla ya kutumia sifa yoyote ya CSS, itafute kwanza caniemail.com.

chui_wa_meru
Mrejesho. Nimehamia barua ya Markdown ya Laravel, mitindo imo ndani ya tagi, `@media` mbili tu zimebaki juu zikiwa na `!important`. Picha zote zina `width`. HTML ni KB 41. Nimejitumia Gmail ya brauza, app ya Gmail yenye akaunti ya ofisi, na iPhone ya shemeji. Outlook sikuwa nayo, nikaenda steshenari ya hapa mtaani wenye Office, nikalipia dakika kumi. Kijana wa pale alidhani nataka kuprinti. Kitufe kimetokea, kona mraba, punda milia katulia.

Limebaki moja: kwa shemeji, simu ikiwa kwenye hali ya giza, nembo haionekani.

DadaTovuti
Ni PNG isiyo na mandhari, yenye maandishi meusi? Basi nyeusi imelala juu ya nyeusi. Mwambie aliyeichora aizungushie ukingo mwembamba mweupe. Kwenye mandhari nyeupe hautaonekana, kwenye giza ndio utakaoiokoa.

chui_wa_meru
Aliyeichora ni mimi. Narudi mezani.