Methali za kale za Kiingereza kuhusu pesa: peni iwe senti?

Kalamu_Nyeusi: Wakuu, natafsiri methali za kale za Waingereza kuhusu pesa. "Mwerevu wa peni, mjinga wa pauni" naweza kuweka senti na shilingi? Na ile ya pini moja kwa siku kuwa groti moja kwa mwaka, groti ni nini? Pia kuna ya kuharibu meli kwa kubania lami ya nusu peni. Lami ya nusu peni itatosha meli gani?

Mzee_wa_Kamusi: Mkuu, acha peni ibaki peni. Hadi Februari 1971 pauni ilikuwa peni 240: peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Huyo mwerevu anabana moja na kuachia 240. Ukiweka senti, msomaji atahesabu 100 na kejeli itapoa.

Groti ilikuwa sarafu ya peni 4. Piga hesabu: pini 365 kwa peni 4, kama pini 91 kwa peni moja. Eleza hilo palepale groti inapotajwa mara ya kwanza. Kama sentensi yako inahusu kuweka akiba, "haba na haba hujaza kibaba" inakaa vizuri. Kama ni kupoteza kidogo kidogo, chukua "bandu bandu huisha gogo". Watu huzichanganya hizi mbili.

Tahadhari nyingine: Benjamin Franklin hubebeshwa "peni iliyowekwa ni peni iliyochumwa". Katika almanaka yake ya 1737 aliandika kuwa peni iliyowekwa ni faida ya peni mbili.

Mchambuzi77: Hiyo meli asili yake ni kondoo! Katika lahaja za mashambani Uingereza maneno hayo mawili, "ship" (meli) na "sheep" (kondoo), yalitamkwa sawa, mabaharia wakapewa methali ya wachungaji. Vidonda vya kondoo vilipakwa lami ya miti (si hii ya barabarani) ili nzi wasitage mayai. Ukibania lami, funza wanaingia na kondoo anakufa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ndiyo jirani yake, ila mimi ningemwacha kondoo. Picha yake ni kali zaidi.

Kalamu_Nyeusi: Asanteni. Na "pesa ni shina la maovu"?

Mzee_wa_Kamusi: Imekatwa kichwa. 1 Timotheo 6:10 inalaumu *kupenda* fedha. Rudisha hilo neno.