Nimechora kangomba bila kuchora mtu, wadau naombeni maoni

Mchora_Ligula: Habari za leo wadau. Mi nachora hapa Mtwara mjini, kazi ya kula ni vibao vya maduka. Sasa baba mdogo kule Tandahimba alikopa hela ya salfa (dawa ya unga ya mikorosho) kwa tajiri wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa nje ya mnada wakipima kwa bakuli, korosho zikiwa bado maua, mnada ulipofunguliwa zote zilikuwa za mwenye deni, yeye hana hata gunia la kupeleka ghalani. Nikaichora. Hakuna mtu wala mkorosho, nimekaza gunia kuukuu kwenye fremu, juu njano ya salfa, katikati bakuli jeusi linaimeza njano mpaka unabaki uzi tu. Baba mdogo kaitazama weee, akaniuliza "mwanangu, imeharibika au hujamaliza?" Hivi inasema kitu au najidanganya?

korosho_ghafi: Mkuu mi sikufichi, chora mzee analia na mzani pembeni, mtu wa bodaboda ataelewa. Hayo madoa wauzie mahoteli.

Bi_Mikindani: Mzee analia tumemchoka, kila kalenda yupo. Na msiseme hivi vitu vya wazungu, kinyago cha mawingu cha Wamakonde kina sura gani? Mpingo mtupu, mikunjo na matundu, na hakuna aliyemuuliza mchongaji kama kamaliza. Yule Mmarekani Robert Motherwell alianza 1948 kuchora maombolezo ya vita ya Hispania ya 1936 mpaka 1939, mayai meusi makubwa yamebanwa na nguzo nyeusi, karudia zaidi ya mara 100, maiti hata moja hamna. Ila jina aliliweka wazi, maombolezo ya Jamhuri ya Hispania. Wewe yako inaitwaje?

Mchora_Ligula: Bila Jina Namba 4 😅

Bi_Mikindani: Ndo maana baba yako haelewi!

dada_wa_Lindi: Kaka hiyo nyeusi ni rangi ya dukani eeh? Mi nimebangua korosho miaka, mafuta ya ganda yanakula ngozi, tulikuwa tunajipaka majivu na bado vidole vinababuka. Tumia hayo, na uvae glavu tafadhali. Mtu wa huku akiliona lile doa hahitaji maelezo.

Mchora_Ligula: Mrejesho. Sasa inaitwa Kangomba, nimemrushia baba mdogo wasap na jina lake. Kapiga simu usiku, hakusema nzuri wala mbaya, kasema bakuli lenyewe lilikuwa kubwa kuliko hilo. Nalipanua kesho, dada glavu nimenunua.